Mwalimu Aliyetuondolea Hofu

Mwalimu wetu wa dini aliogopa vyura. Naanza na hilo kwa sababu waliomsikia kwa mbali wanadhani alikuwa mtu asiyetishika, nami nilikaa jirani naye, ua wa mabua tu kati yetu, tangu nilipoolewa kijijini pale mpaka mvi zikanitoka. Mvua za kwanza zikinyesha, vyura wakianza kurukaruka uani, alikuwa anapanda juu ya kinu cha mkewe, koti amelikunja mpaka magotini, anaita, "Mama Yusta! Jirani! Njoo umtoe huyu!" Nilikwenda na ufagio, nikamsukuma chura nje, naye akashuka polepole, akajikung'uta, akaniambia kwa sauti yake ya kanisani, "Mungu hakuumba takataka, mama. Ila huyu angeweza kumweka mbali kidogo."

"Mungu hakuumba takataka" ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema juu ya mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda, juu ya mlevi aliyelala njiani, hata juu ya magugu. Magugu aliyang'oa kama sisi wote, akayafukia ndani ya matuta jinsi tunavyolima Ufipa, ili yaoze yalishe ulezi. Lakini kila alipoyafukia aliyaambia, "Nendeni mkafanye kazi nyingine."

Kijiji chetu kiko kati ya Mwazye na Matai. Wakati huo wa Mwingereza, Padri alitufikia kwa pikipiki mara chache tu, na siku nyingine zote dini ilikuwa mikononi mwa Mwalimu. Aliongoza sala za Jumapili, alifundisha katekisimu, alizika wafu, alisuluhisha ndoa. Kengele yake ilikuwa chuma cha gurudumu la lori bovu. Koti lake lilikuwa la jeshi, alipewa na kijana mmoja aliyerudi vitani, nalo lilikuwa refu kiasi kwamba upepo wa mwezi wa sita ulipovuma alionekana kama hema linalotembea.

Aliwahi kusoma seminari, akarudishwa. Kwa nini, hakusema, nasi hatukuuliza. Alichobaki nacho ni Kilatini, na kwa kuwa hakuwa na wa kuzungumza naye, alizungumza na mbuzi. Akiwakaripia kwa Kilatini walitoka shambani wameinamisha vichwa. Mume wangu alisema mbuzi wale wataingia mbinguni kabla yetu.

Kwa watoto alikuwa mkali. Aliyekosea Sala ya Bwana alisimama juani mpaka aipate. Lakini mtu huyohuyo nilimwona amekaa chini asubuhi nzima, amepakata kichwa cha ndama aliyevunjika mguu, anamwimbia wimbo wa Pasaka. Mkewe alipita na kapu lake, akaniambia, "Angekuwa anawapenda watu hivi, ningekuwa mke wa mtakatifu."

Sasa nieleze msitu, maana bila msitu huyu mtu haeleweki.

Nchi yetu ni nyasi. Unaweza kutembea tangu asubuhi hadi mchana usipate mti wa kukaa chini yake. Kuni tulizifuata bondeni, mbali, tukarudi shingo zimekufa ganzi. Ndiyo maana ule msitu mdogo juu ya kijiji ulionekana kama shungi lililosahauliwa kwenye kichwa kilichonyolewa. Miti mikubwa, imefungamana, ndani baridi, na katikati chemchemi iliyotunywesha sote. Hakuna aliyekata hata kijiti. Ulikuwa msitu wa mizimu. Mlinzi wake alikuwa mjane mmoja mzee, tukimwita Bibi wa Msitu. Alifagia njia ya kwenda majini, alipokea unga wa ulezi mpya kila mavuno na kuumimina kwenye shina la mti mkubwa, na ndiye aliyetuambia siku za kuteka na siku za kuyaacha maji yapumzike. Tuliingia na mitungi yetu bila viatu, bila kupandisha sauti.

Mwalimu alipopewa kazi alikuta Wakristo wake Jumapili wako kanisani, na mavuno yakifika wako msituni na unga. Lilimuuma sana. Alihubiri, watu wakaitika amina, wakapeleka unga. Ndipo Jumapili moja baada ya sala akachukua panga, akapanda mlimani mchana kweupe, kijiji kizima kikimtazama kutoka chini. Akaingia. Akakaa humo muda. Mkewe alikuwa amenishika mkono, kucha zinaniingia. Mwishowe akatoka na mzigo wa kuni kichwani, kama mwanamke.

"Pika," alimwambia mkewe.

"Sipiki. Nina watoto mimi."

Basi akapika mwenyewe, mbele ya kanisa letu la nyasi. Hakuwahi kusonga ugali maishani mwake. Maji aliyatia machache, unga ukawa mabonge, mwiko ukakwama, moshi wa kuni mbichi ukamwingia machoni, ikawa anasonga huku machozi yanamtiririka. Kwanza tulinyamaza kwa hofu. Kisha mwanamke mmoja akashindwa kujizuia. "Mwalimu, geuza mwiko! Unasonga ama unachimba kaburi?" Tukaangua kicheko, wazee kwa watoto. Naye akalila lile donge lote, bichi upande huu, limeungua upande ule, akanywea maji ya chemchemi, akasimama.

"Mmeona? Hamna mtu mle. Ni miti tu."

Tulingoja augue. Hakuugua. Hata tumbo halikumuuma, jambo ambalo kwa ugali ule lilikuwa muujiza peke yake. Mavuno yaliyofuata, hakuna aliyepeleka unga msituni. Hofu iliyokuwapo tangu kabla ya babu zetu iliondoka kwa kicheko.

Bibi wa Msitu peke yake hakucheka. Siku chache baadaye alikuja kwa Mwalimu, nami nilikuwa napepeta ulezi upande wangu wa ua, nikasikia yote.

"Umewatoa hofu," bibi alisema. "Badala yake umewapa nini?"

"Nimewapa Mungu, bibi."

"Anakaa wapi huyo Mungu?"

"Kila mahali."

Bibi akafikiri. "Anayekaa kila mahali hana mlango. Watabisha wapi hodi?"

Mwalimu alicheka siku ile. Lakini swali lilimwingia kama mwiba unaovunjikia ndani. Tukiwa shambani, kila mtu kwenye matuta yake, alikuwa anasimamisha jembe ghafla na kuniita, "Mama Yusta, watabisha wapi hodi?" kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

Akaanza kumtembelea bibi. Mwanzoni alisema anakwenda kumwongoa. Walikaa kando ya chemchemi, kila mmoja upande wake, wanabishana huku sisi tunateka. Bibi alisema msitu una wenyewe. Mwalimu alisema una Mwenyewe mmoja. Bibi alisema, "Leza, Muumba wetu wa tangu zamani, ndiye aliyewaweka hao wenyewe. Yeye yuko juu mno, hashughuliki na mitungi ya wanawake." Mwalimu alisema, "Yuko karibu kuliko nguo uliyovaa." Hawakukubaliana hata mara moja. Lakini siku moja nilimwona anatoka mle ameshika viatu mkononi.

"Umevua viatu, Mwalimu?"

"Kuna tope," akajibu. Kilikuwa kiangazi kikavu.

Wakati huo watu nao walikuwa wameanza kuuingilia msitu. Kwanza wanawake tuliokota matawi makavu ya pembeni, maana nani atakwenda bondeni wakati kuni ziko hapa? Baadaye yakakatwa mabichi. Kisha wanaume wakafuata nguzo za nyumba na miti ya mazizi. Msitu ukawa unaliwa kuanzia kando, kama watoto wanavyokula ugali wa moto.

Mwalimu akahubiri tena, safari hii kwa namna nyingine. Alisema Mungu alipoumba miti aliitazama akaona ni vyema, na siku hiyo mtu alikuwa bado hajaumbwa, kwa hiyo uzuri wa mti haukungoja sisi tuje tuutumie. Alisema mti unasali kwa kusimama na maji yanasali kwa kwenda. Sisi peke yetu ndio tunaohitaji kufundishwa maneno. Sikuwahi kumsikia akihubiri vizuri namna ile, na kulikuwa na wanawake waliofuta macho. Tulipotoka, mzee mmoja wa kanisa alimshika bega, akamwambia kwa upole kabisa, "Maneno matamu, Mwalimu. Lakini wewe ulituambia hamna mtu."

"Nilisema hamna mizimu."

"Ndiyo. Basi hamna mtu."

Kisha likaja suala la kanisa. Padri aliamua kwamba nyasi zimetosha, tujenge kwa matofali ya kuchoma. Alikuwa mtu mwema, sitaki kumsingizia. Alitibu watoto wetu, alijifunza Kifipa mpaka akawa anatania nacho. Udongo ulikuwapo, maji yalikuwapo, ila tanuri lilihitaji kuni nyingi, naye akainua macho akatazama mlimani. Siku walipozungumza nilikuwa nimewapelekea uji wafyatua matofali.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Mwalimu, una uso wa Ijumaa Kuu. Kuna nini?"

"Ni hizi kuni. Naomba tuzifuate bondeni. Watu nitawaongoza mwenyewe."

"Bondeni ni mbali na mvua inakaribia. Kwani ule msitu una mwenyewe?"

Mwalimu alifunga vifungo vya koti lake, akavifungua tena. "Padri, kanisa likiisha utalibariki, nalo litakuwa takatifu. Msitu ule aliubariki Mungu mwenyewe kabla hatujazaliwa. Tutavunjaje nyumba yake moja ili tumjengee nyingine?"

"Mungu hakai mitini," Padri alisema bila kukasirika. "Wewe mwenyewe umewafundisha hivyo, nami nilikusifu."

"Nilifundisha kwamba shetani hayumo. Sikufundisha kwamba Mungu hayumo."

"Sawa. Na ukiwaambia yumo, watamwelewa yupi? Kesho watarudisha unga."

Wafyatua matofali walikuwa wameacha kazi, wanasikiliza.

"Waulize watu," Padri akamalizia. "Msitu ni wao. Wakikataa sitagusa mti."

Watu hawakukataa. Nani angekataa kanisa la matofali? Asubuhi ya kukata, Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya njia na koti lake, Bibi wa Msitu kando yake na ufagio. Wanaume wakaja na mashoka, karibu wote aliwafundisha yeye hadi kubatizwa, mume wangu akiwamo. Hakuna aliyemtukana. Walisema, "Shikamoo Mwalimu. Shikamoo bibi." Kisha vijana wawili wakamshika makwapani, wakamnyanyua, wakamweka pembeni kama mtu anavyohamisha mtungi uliojaa. Mmoja akamwambia kwa kucheka, "Usijali, Mwalimu, tutakupikia ugali." Bibi hawakumgusa. Walimzunguka tu.

Mwalimu hakupiga kelele. Alibaki pale alipowekwa, mikono imening'inia, mpaka mti mkubwa ulipoanguka. Ulipoanguka tuliusikia miguuni kabla ya masikioni.

Kanisa likatoka zuri. Na maneno yakamfikia Padri kwamba Mwalimu alisimama njiani na mlinzi wa mizimu, kwamba labda amerudi kwenye mila. Mwalimu akaambiwa apumzike. Akaletwa kijana kutoka upande wa Matai, mwenye sauti nzuri na baiskeli. Mwalimu hakulalamika. Kila Jumapili alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa, na sala ikianza aliweka kiganja chake ukutani, juu ya matofali, akakiacha hapo mpaka mwisho. Watu walisema anazeeka.

Chemchemi haikukauka siku ileile, kama watu wanavyopenda kusimulia. Ilipungua kama mgonjwa wa kifua, mwaka huu nafuu kidogo, mwaka ujao vibaya zaidi. Tulianza kutekea kata badala ya kuzamisha mtungi. Kisha tukawa tunakaa kungoja. Kisha likabaki tope la ng'ombe, nasi tukaanza kufuata maji mtoni, safari ya nusu siku. Yule kijana alituongoza katika sala za kuomba mvua. Mvua ikaja, ikateremka mlimani na udongo wote, ikapita zake. Hakuna aliyesema tumekosea. Tulisema nchi imechakaa.

Bibi wa Msitu alifariki kiangazi kimoja cha miaka hiyo. Hakubatizwa, kwa hiyo kengele haikupigwa, na waliokuwa wakimpelekea unga zamani hawakujua kama wanaruhusiwa kuja. Mwalimu na mume wangu ndio waliochimba kaburi. Tulipomteremsha, sote wachache tuliokuwapo tukamtazama Mwalimu. Alikuwa amezika nusu ya kijiji, na siku zote maneno yalimtoka bila kutafuta. Sasa alisimama. Sala za kanisa hakuwa na ruhusa ya kumwombea, na maneno ya mizimu hakuyajua. Aliyeyajua ndiye tuliyekuwa tunamzika. Mwishowe alisema, "Hodi, bibi," akashika jembe, akaanza kufukia.

Tukirudi alitembea katikati yetu. Ghafla akasema, "Siku ile nilipoingia na panga, kulikuwa na kitu."

"Kitu gani, Mwalimu?" mume wangu akauliza.

"Si sauti. Ni kama unapoingia nyumba ya mtu bila kubisha, ukamkuta amekaa, anakutazama. Nikasema huyu ni shetani, maana kwa kitu cha namna ile nilikuwa nimefundishwa jina moja tu. Nikafumba macho, nikakata." Tulitembea kidogo. "Ningeugua, Mama Yusta. Hata homa tu. Kwa nini Mungu hakuniuguza kidogo?"

Mume wangu alimpokea jembe, akambebea mpaka nyumbani.

Mke wa Mwalimu alipofariki, binti yao aliyeolewa Sumbawanga akamchukua. Kwa muda mrefu sikumwona. Ua kati yetu ulianguka, sikuusimika tena.

Nilimwona mara ya mwisho katika siku zile ambapo watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru barabarani. Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, nikakaa juu ya magunia ya maharage mpaka Sumbawanga, kwa sababu nilikuwa na shida. Juu ya ule mto tulikokuwa tukifuata maji palikuwa na msitu mwingine, mdogo kuliko wetu. Mlinzi wake naye alikuwa amekufa bila kurithiwa, na vijana wa kwetu walikuwa wameanza kuukata. Nilifikiri kuna mtu mmoja tu anayeweza kusema nao.

Nilimkuta nyuma ya maduka, nje ya nyumba ya binti yake, anaota jua. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Mbele yake kulikuwa na mikaratusi ya serikali, imepandwa kwa mistari kama askari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya kwetu." Akageuza sikio. "Jirani!"

Tulisalimiana kwa kirefu, tukawataja waliokufa. Kisha nikamweleza.

"Twende ukawaambie, Mwalimu. Wewe watakusikia. Waambie mle mna mtu."

"Mna nani?"

"Yeyote. Sema mizimu, sema Mungu, sema joka. Waogope tu."

Akacheka bila sauti. "Hofu ni kama ziwa la mama. Mtoto akishaachishwa, humrudishi."

"Basi waambie yale ya mti unasali kwa kusimama. Yalikuwa mazuri."

"Yalikuwa mazuri," akakubali. "Nani aliyeyasikia akaacha shoka nyumbani?"

Nikamkumbuka marehemu mume wangu na shoka lake.

"Wanaokata ni akina nani?" akauliza.

"Wanangu."

Aligeuza uso kuelekea mikaratusi. Kisha akasema, "Basi waambie wewe. Wewe ndiye mama yao."

"Niwaambie nini, Mwalimu?"

Akainua kidole, kama alivyofanya miaka yote kabla ya kutupa jibu la katekisimu. Nikasogea. Kidole kikakaa juu, kisha akakishusha pajani.

"Sijui," akasema. "Walioogopa walitunza. Mimi nilipenda, na tazama. Nimelitafuta neno la kuwapa, nimelitafuta hapa nilipokaa kila siku. Sijui, mama. Kweli sijui."

Binti yake akatuletea uji, tukanywa. Lori likapiga honi barabarani. Alisisitiza kunisindikiza, akaja mpaka kona, mkono wake begani kwangu, mwepesi kama unyoya. Hapo akasimama.

"Mama Yusta, ule msitu ukiisha, usiniletee habari."

Nikamwahidi.

Uliisha kabla ya mvua za pili. Yeye aliishi miaka michache zaidi, na kila mtu wa kwetu aliyekwenda Sumbawanga alipita kuniuliza kama nina salamu kwa Mwalimu. Niliwaambia wamwambie sote tu wazima, ng'ombe wazima, na huko kwetu hakuna jipya.